Utafiti na Maamuzi: Funzo la Rufiji na Morogoro

Uhusiano kati ya mtafiti na mtendaji wa Serikali ni suala la kihistoria. Utawala wa kikoloni ulifanya utafiti mwingi, lakini aliyeuliza swali alikuwa mtawala. Mwananchi alihesabiwa tu. Baada ya Uhuru tulijenga vyombo vyetu. Mwaka 1967 pale Mlimani, Dar es Salaam, iliundwa BRALUP, idara ya kuchunguza rasilimali na matumizi ya ardhi. Lakini kuwa na chombo ni hatua moja, na kusikilizwa ni hatua nyingine.

Tutazame mfano wa sekta ya afya. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya ilishirikiana na IDRC, shirika la utafiti la Kanada, katika mpango ulioitwa TEHIP. Zilichaguliwa wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini, zenye jumla ya watu wapatao 700,000. Swali lilikuwa la kimaamuzi hasa: je, halmashauri ikipanga fedha zake kwa kufuata maradhi yanayoua watu wake, vifo vitapungua?

Kabla ya hapo bajeti ya wilaya iliigwa kutoka ile ya mwaka uliopita. Hospitali haikuweza kueleza ukweli, kwani watu wengi walifia nyumbani. Basi wadodosaji walipita kaya kwa kaya. Rufiji walirudi kila baada ya miezi minne. Palipotokea msiba, waliwauliza ndugu wa marehemu dalili alizokuwa nazo. Matokeo yaliumbua mipango ya ofisini. Malaria ilichukua kama asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini mwaka 1996 ilitengewa kama asilimia 5 tu ya bajeti.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Takwimu hizo hazikuishia katika kitabu kinene cha kupamba rafu. Ziligeuzwa michoro rahisi, zikawekwa mbele ya waganga wakuu wa wilaya na wenzao, na hao ndio waliokuwa na kalamu ya bajeti. Wakaelekeza fedha kwenye vyandarua vyenye dawa na kwenye mafunzo ya kutibu magonjwa ya watoto kwa pamoja. Katika miaka michache vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Si haki kusema sababu ilikuwa moja tu, lakini upungufu huo haukuwa wa kubahatisha.

Kada makini atauliza: na fedha za mgeni je? Swali hilo ni halali. Nyongeza iliyoruhusiwa ilifika dola 2 kwa mtu kwa mwaka, lakini wilaya ziliweza kutumia kama senti 80 tu. Kilichopungua kilikuwa uwezo: zahanati zilikuwa mbovu na usimamizi ulikuwa dhaifu. Huko Rufiji wanavijiji wenyewe walishiriki kwa nguvu zao kukarabati zahanati hizo.