Wachukuzi wa Vita vya 1914 na Maradhi Yao

Kutoka Kiganjo hadi stesheni ya reli ya Thika si mbali. Reli hiyo ilifika Thika mwaka 1913, na mwaka uliofuata vita vikuu vikazuka Ulaya. Punde vikavuka bahari vikaingia Afrika ya Mashariki, ambako Waingereza walipigana na Wajerumani mpaka Novemba 1918.

Wanafunzi wangu wasomapo habari za vita hivi hutaka kujua ni nani aliyempiga nani, na kwa mzinga gani. Swali hilo si baya, lakini halifikii kiini cha jambo. Upande wa Waingereza, katika mwaka 1916, kwa kila mtu mmoja aliyeangushwa na silaha za adui, wapatao 30 waliangushwa na maradhi au ajali. Kikosi cha 9 cha askari wa miguu kutoka Afrika Kusini kilikuwa na watu 1,135 mwezi wa Februari mwaka ule. Ilipofika Oktoba, waliokuwa wazima wa kufanya kazi walikuwa 116 tu. Malaria na tumbo la kuhara damu viliwamaliza. Farasi wao waliumwa na mbung'o wakafa kwa maelfu. Mtu akiingiwa na funza miguuni asitunzwe, vidole vilioza, akawa hawezi tena kutembea.

Jenerali Smuts, aliyeongoza majeshi hayo, aliwarudisha kwao askari Wazungu wapatao 12,000. Mahali pao palijazwa na askari Waafrika, kwa imani kwamba Mwafrika hadhuriki na hali ya nchi yake. Imani hiyo ilikuwa ya uongo, na walioigharimia zaidi walikuwa wachukuzi.

Mtu aliyezaliwa katika migongo ya Gatundu au Murang'a, penye baridi na mbu wachache, alikuwa mgeni katika bonde la Rufiji kama alivyokuwa mgeni mtu wa London. Mwili wake haukuizoea malaria ya pwani. Tena alitoka kwao akila viazi vitamu, ndizi, maharagwe na uwele. Huko vitani akapewa unga wa mahindi, mara nyingi uliosagwa vibaya. Unga wa namna hiyo wataka moto mwingi na saa nyingi. Mchukuzi afikapo kambini jioni, amelowa, kuni mbichi, sufuria hazitoshi, atafanyaje? Huula nusu mbichi, akalala. Chembe zile ngumu ziliumiza matumbo, na kuhara damu kukapata njia. Kwa wenye blanketi moja tu, au wasio nalo, kichomi kilifuata.

Na kwa nini chakula kilikuwa haba? Hebu tupige hesabu. Tufanye mchukuzi anabeba ratli 60 za unga, naye ale ratli 2 kila siku. Baada ya siku 30 atakuwa amekwisha kuula mzigo wake mwenyewe. Na kama ni lazima arudi, hawezi kwenda mbele zaidi ya siku 15, wala hapo hampelekei askari hata kibaba kimoja. Kila majeshi yaliposonga mbali na reli au bandari, wachukuzi walitakiwa zaidi, na kila mchukuzi aliyeongezwa alikuwa na tumbo lake. Wakubwa waliijua hesabu hiyo. Hata hivyo majeshi yalisukumwa mpaka Rufiji, na mvua za mwaka 1917 zikayakuta huko, njia zikawa maziwa.

Sheria ya mwaka 1915 ilikuwa imeruhusu watu kuandikwa kwa nguvu, kwa mshahara wa rupia 5 kwa mwezi. Mwaka 1917 msako ukawa mkubwa kupita yote. Kijana mmoja wa pande za Gatundu, aliyepata kufanya kazi Thika, alikwenda Narok kukaa na jamaa zake Wamasai ili asikamatwe. Miaka mingi baadaye alikuwa Rais wa kwanza wa Kenya, Jomo Kenyatta. Wengi hawakuwa na jamaa Narok.

Oscar Watkins, ofisa aliyewasimamia wachukuzi, alibishana mara kwa mara na wakubwa wa jeshi juu ya chakula na idadi ya watu waliotakiwa. Palipowekwa wapishi maalum, na chakula kikaiva, watu walipata nafuu. Basi haikuwa kazi ya nchi peke yake. Ilikuwa pia kazi ya sufuria, kuni na haraka ya majemadari.

Wachukuzi zaidi ya 40,000 wa Kenya hawakurudi, na wengi wao hawakuguswa na risasi. Sanamu ya Nairobi iliyosimamishwa mwaka 1928 inaonyesha mchukuzi mmoja pamoja na askari wawili, bila jina la mtu yeyote. Kambi yao Nairobi imeacha jina la Kariokor, na ya Dar es Salaam jina la Kariakoo. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba Waafrika hao hawakukumbukwa kwa majina kama wenzao wa Ulaya, ikaomba radhi. Kwa wengi wao, orodha yenyewe haikuwekwa.