Tovuti ya Justin Hall: ilianza na linki, ikaishia kwa mwenyewe

Desemba 1993 gazeti la New York Times lilichapisha habari ya programu mpya ya kompyuta iitwayo Mosaic, kivinjari cha wavuti. Mwandishi wake, John Markoff, aliwaeleza wasomaji kwamba sasa mtu anaweza kubofya neno kwenye skrini na papo hapo akajikuta anasoma faili lililo kwenye kompyuta ya mbali, pengine ya nchi nyingine kabisa. Miongoni mwa waliosoma habari hiyo alikuwamo Justin Hall, kijana wa Chicago aliyekuwa anatimiza miaka 19 mwezi huo, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo cha Swarthmore, jimbo la Pennsylvania. Januari 1994 alikuwa tayari ana tovuti yake.

Hakwenda kuomba kibali popote. Alikuwa na kompyuta mpakato, Apple PowerBook 180. Aliiunganisha na mtandao wa chuo, akaweka humo programu ndogo iitwayo MacHTTP, kompyuta ikageuka seva. Mtu aliyefungua ukurasa wa Hall akiwa Tokyo au Oslo alikuwa anasoma faili lililokaa juu ya meza ya mwanafunzi bwenini. Kompyuta ikizimwa, na tovuti imefungwa.

Mwanafunzi aliweza kufanya hivyo bila kulipa senti kwa sababu ya uamuzi uliofanywa miezi michache tu nyuma. Wavuti ilibuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee alipokuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia huko Geneva, na tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kwamba teknolojia hiyo ni ya wote, haina ada wala leseni. Mosaic nayo, iliyoandikwa na Marc Andreessen na Eric Bina katika Chuo Kikuu cha Illinois, ilipakuliwa bure. Yale Markoff aliyoyaandika kama habari za biashara, wanafunzi waliyachukua kama mchezo.

Shule ya kutengeneza kurasa haikuwapo. Ilikuwapo amri moja ndani ya kivinjari, ile ya kuonyesha msimbo wa ukurasa unaousoma. Ukipenda jinsi mwenzako alivyopanga mambo yake, unafungua msimbo, unanakili, unafuta jina lake na kuweka lako. Lugha yenyewe, HTML, mtu angeweza kuishika mchana mmoja. Neno unalotaka liwe zito unalizungushia herufi b ndani ya mabano ya pembe. Neno unalotaka liwe linki unalizungushia herufi a pamoja na anwani ya kule unakompeleka msomaji. Unahifadhi, unafungua kivinjari, unaangalia. Ukisahau kufunga bano moja, nusu ya ukurasa inageuka buluu.

Ukurasa wa wakati huo ulikuwa mkavu: nyuma rangi ya kijivu, maandishi meusi, linki za buluu zilizopigiwa mstari, na za zambarau kwa zile ulizokwisha kuzipitia. Hall aliuita wake Links from the Underground, akichezea jina la riwaya ya Mrusi Dostoevsky. Jina lilisema ukweli. Kulikuwa na maelezo machache kumhusu mwenye ukurasa, kisha linki, na linki nyingine, na nyingine tena.

Leo orodha ya linki haimvutii mtu, lakini mwaka 1994 ilikuwa mali. Google haikuwapo hadi 1998. Ukurasa mzuri uliupata kwa kuambiwa na aliyeuona. Ndiyo maana mwezi uleule wa Januari 1994, upande wa pili wa Marekani, wanafunzi wawili wa Stanford, Jerry Yang na David Filo, walikuwa wakitengeneza kitu kilekile: orodha ya kurasa walizozipenda, waliyoiita kwa majina yao ya kwanza. Wao waliipanga kwa mada, ikabadilishwa jina na kuwa Yahoo, ikawa kampuni ya mabilioni. Hall aliipanga yake kwa hamu zake mwenyewe. Alielekeza watu kwenye muziki, siasa, dawa za kulevya, ngono, na vituko vya kila namna, na kwenye kila linki alibandika maneno mawili matatu ya kwake. Watu walikuja kwa sababu ya linki. Waliobaki walibaki kwa sababu ya yale maneno.

Majira ya joto ya 1994 alikwenda San Francisco kufanya mafunzo ya kazi HotWired, tawi la mtandaoni la jarida la Wired. Huko alikuta ugomvi ambao haujaisha hadi leo. Louis Rossetto, mmoja wa waanzilishi wa jarida, alitaka kila msomaji ajiandikishe kabla ya kuingia; Howard Rheingold, mhariri, alitaka milango iwe wazi na wasomaji wazungumze wao kwa wao. Hall alikuwa upande wa Rheingold. Rossetto alishinda. HotWired ilifunguliwa tarehe 27 Oktoba 1994 ikiwa na fomu ya kujiandikisha na mabango ya matangazo, likiwamo lile la AT&T ambalo wanahistoria wa matangazo hulitaja kila mara.

Hall alirudi chuoni, na hapo ukurasa ukaanza kubadilika tabia. Baba yake, mwanasheria aliyekuwa mlevi, alijiua Hall akiwa na miaka minane. Hall akaliandika jambo hilo. Akaandika habari za mama yake, wapenzi wake, mwili wake, ugomvi wake na marafiki, kwa majina. Hakuyaweka kama shajara ya siku hadi siku. Aliyasuka: katika ukurasa wa baba, neno moja lilikuwa linki ya kwenda kwenye ukurasa wa pombe, jingine la kwenda Chicago, na ukifika Chicago unakuta linki ya rafiki wa utotoni. Haukuwapo mwanzo wala mwisho. Msomaji aliingia popote na kutokea popote. Kwa maoni yangu huo ndio wakati tovuti hiyo ilipokuwa bora kuliko wakati wowote, kwa sababu ndio wakati ilipotumia wavuti kwa kile ambacho karatasi haiwezi.

Hakuwa peke yake katika kujianika. Carolyn Burke wa Toronto alianza kuweka shajara yake mtandaoni Januari 1995. Aprili 1996 Jennifer Ringley, mwanafunzi wa Dickinson, chuo kingine cha Pennsylvania, aliweka kamera chumbani mwake iliyotuma picha mpya kila baada ya dakika chache, na akaendelea hivyo hadi mwisho wa 2003. Ila Hall ndiye aliyekuwa na kila kitu mahali pamoja, ndiyo maana mtengeneza filamu Doug Block alimfuata na kamera na kutoa filamu iitwayo Home Page.

Mabadiliko makubwa kuliko yote yalikuwa madogo kwa macho. Tarehe 10 Januari 1996 Hall alianza kuandika kitu kipya kila siku kwenye ukurasa wa mbele, kipya juu, cha jana chini yake. Kabla ya hapo msomaji aliyerudi ilimbidi azungukezunguke kutafuta kilichoongezwa. Sasa kilimngoja mlangoni. Wasomaji walipenda, na nani asingependa? Lakini maandishi yaliyosukwa kwa linki yakaanza kupangwa kwa tarehe, na yaliyopangwa kwa tarehe huzeeka. Habari ya baba, ambayo mwaka 1995 uliifikia kwa njia kumi, sasa ikawa chini kabisa ya rundo. Instagram na X zilianza kwa mpango huohuo wa kipya juu.

Wakati huo kurasa binafsi zilikuwa zimeacha kuwa za wanafunzi wenye seva bwenini. Kampuni ya California iliyoanzishwa mwishoni mwa 1994 na David Bohnett na John Rezner, iliyokuja kuitwa GeoCities, iligawa viwanja bure. Ulichagua kitongoji kulingana na mapenzi yako: Hollywood kwa filamu, SiliconValley kwa kompyuta, SunsetStrip kwa muziki wa roki. Ukapewa namba ya nyumba yenye tarakimu nne na nafasi ya megabaiti chache. Ni huku ndiko yalikozaliwa yale yote tunayoyacheka leo: moto unaowaka na usiunguze, anga lenye nyota nyuma ya maandishi ya manjano, kibao cha fundi mwenye koleo kikitangaza ukurasa uko matengenezoni, kihesabu wageni kilichoganda kwenye namba ndogo, kitabu cha wageni kilichojaa salamu za ndugu wa mwenye ukurasa. Picha moja ya kilobaiti 100, kwa modemu ya kilobiti 28.8 kwa sekunde, ilichukua karibu nusu dakika kufunguka, ikishuka mstari kwa mstari. Watu walisubiri.

Wasanifu wa kulipwa waliziona kurasa hizo kuwa uchafu. Mimi naona kinyume. Hakuna kurasa mbili zilizofanana, na kila aliyekuwa na wake alijua, angalau kidogo, ulivyotengenezwa. Katika majira ya joto ya 1996 Hall alizunguka Marekani akiwafundisha watu HTML. Aliamini kila mtu angepaswa kuwa na ukurasa alioujenga kwa mkono wake.

Haikuwa hivyo. Agosti 1999 kampuni ndogo ya San Francisco iitwayo Pyra Labs, ya Evan Williams na Meg Hourihan, ilitoa Blogger: unaandika kwenye kisanduku, unabofya, imechapishwa. Mabano ya pembe hayahitajiki tena. Tarehe inawekwa yenyewe, na kipya kinakaa juu chenyewe. Alichokuwa akikifanya Hall kwa mkono tangu 1996 sasa kilifanywa na mashine kwa yeyote.

Kupitia mlango huo ndipo Kiswahili kilipoingia kwa kishindo. Ndesanjo Macha, Mtanzania aliyekuwa akiishi Marekani, alianzisha Jikomboe, blogu inayohesabiwa kuwa miongoni mwa za kwanza kabisa za Kiswahili. Septemba 2005 mpigapicha Muhidin Issa Michuzi, akiwa Helsinki kikazi, alifungua blogu yake kwa msaada wa Macha. Ilipokua, blogu ya Michuzi haikufanana hata kidogo na ya Hall. Ilikuwa na jina la mtu mmoja, lakini ndani mlikuwa na misiba, harusi, ziara za viongozi, picha za Dar es Salaam ya zamani, na Watanzania wa ughaibuni wakitaniana kwenye maoni. Mtu hakwenda pale kusoma siri za Michuzi. Alikwenda kujua nani kafa, nani kaoa, nani kaonekana wapi. Katika hilo ilikuwa karibu zaidi na tovuti ya Hall ya 1994, ile ya kuelekeza watu nje, kuliko ile ya miaka iliyofuata.

Mwaka huohuo wa 2005 Hall alifika ukingoni. Wiki chache kabla, Desemba 2004, jarida la New York Times lilikuwa limemtaja kuwa huenda ndiye mwasisi wa blogu binafsi. Januari akaweka mtandaoni video yake akilia mbele ya kamera. Alikuwa amependa mwanamke ambaye hakutaka kuandikwa, na aligundua kwamba hajui kuishi bila kuandika wala kuandika bila kumtaja aliye karibu naye. Akaacha uandishi wa kila siku. Tangu mwanzo huo ndio ulikuwa udhaifu wa tovuti yake: yeye alikuwa ameridhia kuanikwa, lakini marafiki na wapenzi waliojaa kwenye kurasa zile, wengi wao hawakuulizwa. Siku hizi kila familia yenye simu inalijua tatizo hilo. Yeye alilikuta kabla hatujaliwekea adabu zake.

GeoCities ilinunuliwa na Yahoo mwaka 1999 kwa hisa zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 3.5. Tarehe 26 Oktoba 2009 Yahoo iliizima. Mamilioni ya kurasa yaliondoka pamoja nayo. Sehemu ya kilichookolewa iliokolewa na watu wa kujitolea wa kundi liitwalo Archive Team, lililoongozwa na Jason Scott, waliokuwa wakinakili usiku na mchana kabla ya siku hiyo. Tovuti ya Hall haikuguswa. Anwani yake, links.net, ni yake mwenyewe, na mafaili yake ni HTML tupu ambayo kivinjari cha simu ya leo kinayasoma bila tabu. Ameirudia pia kwa namna nyingine: mwaka 2015 alitoa filamu fupi kuhusu historia yake, akiisimulia mwenyewe.

Msomaji uliyekuwa na blogu miaka ile ya 2000 na ukaitelekeza, ifungue leo uone kama bado ipo. Kama ipo, na ni ya Blogger, ingia kwenye mipangilio upakue nakala ya maandishi yako yote, uihifadhi kwako. Kama imetoweka, andika anwani yake ya zamani kwenye web.archive.org: Internet Archive, iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, imekuwa ikinakili kurasa za watu tangu mwaka huo, na huenda ya kwako imo.