Kijiji cha Mtakatifu Gabrieli na Mji wa Kisangani

Katika furaha ya Yubile yafaa tujiulize: sisi wa Mtakatifu Gabrieli ni watu gani? Mji umetukaribia hata vijana wengi wanadhani kwamba kijiji chetu ni pembe ya mji tu. Mababu walikijua kwa namna nyingine.

Padri Gabriel Grison, wa Shirika la Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yezu, alifika Stanley Falls mwaka 1897, akaanzisha misioni siku ya Noeli ya mwaka uleule. Alichagua mahali kando ya mto, chini ya maporomoko, mbali kidogo na posta ya Serikali.

Vita vya Waarabu, vya 1892 hata 1894, vilikuwa vimekwisha karibuni. Wagenia, Wakumu na Walokele walikuwa na vijiji vyao. Lakini wako watu waliokuwa wametekwa na kutengwa na jamaa zao, na misioni ikawapokea watoto waliokombolewa utumwani. Hao hawakuwa na babu mmoja. Waliposikilizana, walisikilizana kwa Kingwana, Kiswahili kilicholetwa na Wangwana waliofuatana na wafanya biashara wa pwani. Hivyo lugha iliyosikika katika misafara ya watumwa ikawa lugha ya katekismu na ya sala.

Mbegu ile ndogo ilikua. Prefektura ya Kitume ilisimikwa mwaka 1904, Vikarieti mwaka 1908, na Grison akawa Askofu wake wa kwanza. Wenzake walifika hata Beni mwaka 1906. Yeye aliacha uongozi mwaka 1933, akafariki mwaka 1942.

Mwaka 1964 ulileta msiba. Katika uasi wa Wasimba, wamisionari 28 wa Shirika hilo waliuawa nchini Kongo, pamoja nao Askofu Wittebols wa Wamba. Waamini wengi wa Kongo nao walimwaga damu. Hata hivyo sala haikuzimika.

Siku hizi, watu wakigombea kiwanja, husikika neno hili: "Huyu ni mwenyeji, yule ni mgeni." Ndugu, nani kati yetu atalisema bila kuwahukumu mababu zake mwenyewe? Kijiji hiki kilijengwa na wageni waliopokelewa. Mji ukitufikia na watu wake, tusiwafungie mlango ambao wazee wetu walifunguliwa. Ndiyo heshima ya Mtakatifu Gabrieli, nasi tuwaachie watoto wetu urithi huo.