Ritifaa ya "ng'ombe" inavyofanya SMS moja ihesabiwe tatu

Ujumbe mfupi wa kuwaita wafugaji kwenye chanjo unaweza kukata SMS tatu badala ya moja, na chanzo si urefu wake. Ni ile alama ndogo ya juu, ritifaa, iliyomo kwenye neno ng'ombe.

Chukua mfano wa ujumbe ambao ofisi ya kata kama Magoma, wilayani Korogwe, ingeweza kuwatumia wafugaji 300:

"Wafugaji wa Magoma mnakumbushwa: chanjo ya ng'ombe na mbuzi ni Jumamosi saa 2 asubuhi, ofisi ya kata. Njooni na madaftari ya mifugo. Msikose."

Ukihesabu na nafasi, ni herufi 141. Kwa ritifaa iliyonyooka (') ni SMS moja. Kwa iliyopinda (’) ni SMS tatu. Kwa watu 300, zinakatwa SMS 900 badala ya 300.

Kwa nini tatu?

SMS moja ina nafasi ya baiti 140, yaani biti 1,120. Jedwali la kawaida la herufi za GSM hutumia biti 7 kwa kila herufi, ndiyo maana zinaingia 160. Herufi zote za Kiswahili zimo humo, pamoja na ritifaa iliyonyooka. Iliyopinda haimo.

Mtambo ukikuta alama isiyomo, kwa kawaida huhamisha ujumbe mzima kwenda mfumo wa UCS-2, ambao kila herufi ni biti 16. Nafasi inashuka hadi herufi 70. Ujumbe ukizidi hapo hukatwa vipande vya herufi 67, kwa sababu kila kipande hubeba pia maelezo ya kukiunganisha na vingine. Vipande viwili ni herufi 134. Zile 7 zinazobaki zinadai kipande cha tatu.

Inatoka wapi?

Mara nyingi mwandishi hakuichagua. Programu ya Word huipinda ritifaa yenyewe, na iPhone pia tangu iOS 11 ya mwaka 2017. Mtu anaandika tangazo kwenye Word, anakopi, anabandika kwenye mfumo wa SMS, basi. Alama ya ` ambayo wengine huitumia badala ya ritifaa nayo haimo kwenye jedwali la GSM. Emoji ni hivyo hivyo.

Dawa kwa wanaotuma kwa mkupuo

Mifumo mingi ya kutuma SMS huendeshwa kwa lugha ya programu ya PHP. Lugha hiyo ina kiendelezi kiitwacho iconv, ambacho kazi yake ni kuhamisha maandishi kutoka mfumo mmoja wa herufi kwenda mwingine. Mstari mmoja unatosha:

iconv('UTF-8', 'ASCII//TRANSLIT', $ujumbe)

Neno TRANSLIT linaiambia kompyuta itafute alama inayokaribiana pale ile ya asili isipokuwepo, hivyo ’ inageuka kuwa '. Kama ujumbe ni maelfu ndani ya faili kubwa, kiendelezi hicho hufanya kazi pia kama kichujio: data inabadilishwa huku inapita, bila kupakia faili zima kwenye kumbukumbu.

Tahadhari: matokeo ya TRANSLIT hutofautiana kati ya kompyuta na kompyuta. Emoji inaweza kugeuka alama ya kuuliza, au kazi nzima ikagoma. Jaribu kwanza kwa ujumbe mmoja. Kama shida ni ritifaa tu, njia ya uhakika zaidi ni kuibadilisha moja kwa moja kwa str_replace.

Kwa mtumiaji wa kawaida

Kwenye iPhone, ingia mipangilio ya kibodi uzime Smart Punctuation. Ukiandikia Word, futa ritifaa na uiandike upya ndani ya simu kabla ya kutuma. WhatsApp haina shida hii, kwani haihesabu SMS, inakula bando.

Kuiacha ritifaa kabisa si dawa. Ng' na ng ni sauti mbili: ng'oa ni kutoa kitu kilichosimikwa, kama jino au mti, lakini ngoa ni wivu. Iandike, ila iwe imenyooka.