Zabuni za Serikali: Mfanyabiashara mdogo ajiandae kabla ya tangazo

Na Mwandishi Wetu

WAFANYABIASHARA wengi wadogo huanza kuhangaikia nyaraka siku wanapoliona tangazo la zabuni. Kwa kawaida huwa wamekwishachelewa, kwani leseni, usajili na hesabu za biashara haviandaliwi kwa siku moja.

Taasisi za umma, zikiwamo halmashauri, shule na hospitali, hununua vitu ambavyo mfanyabiashara wa kawaida anavyo: karatasi, vyakula, samani, huduma za usafi na matengenezo madogo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika mwaka 2024, inazitaka taasisi hizo kutenga asilimia 30 ya ununuzi wao wa mwaka kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu.

Hatua ya kwanza ni kurasimisha biashara. Mzabuni anapaswa kuwa na jina la biashara au kampuni iliyosajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), namba ya utambulisho wa mlipakodi (TIN), leseni iliyo hai na hati ya kuthibitisha kuwa hadaiwi kodi. Anayetaka kazi za ujenzi sharti awe pia amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB) katika daraja linalolingana na kazi anayoomba.

Hatua ya pili ni kujisajili katika mfumo wa ununuzi wa kielektroniki wa NeST, ambao mwaka 2023 ulichukua nafasi ya ule wa awali wa TANePS. Zabuni hutangazwa na kuwasilishwa humo, na muda ukifika mfumo hujifunga wenyewe. Vikundi maalumu huanzia kwa ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yao.

Aidha, mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1. Anayesoma mapema mipango ya ununuzi ya taasisi hujua nini kitanunuliwa na lini, hivyo hupata muda wa kutafuta bei nzuri kwa wauzaji wa jumla.

Hatua ya tatu ni kuisoma nyaraka ya zabuni hadi ukurasa wa mwisho. Bei ya chini haimsaidii mzabuni aliyesahau kiambatisho kimoja au aliyeahidi bidhaa isiyolingana na vipimo vilivyotajwa.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi ni kushinda bila mtaji wa kusubiri malipo. Chukua mfano wa zabuni ya karatasi yenye thamani ya Sh10 milioni. Bidhaa na usafiri vikigharimu Sh9 milioni, faida inaonekana kuwa Sh1 milioni. Ikiwa fedha hizo zimekopwa kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi na malipo yakachukua miezi mitatu, riba pekee ni Sh810,000. Kodi ya zuio ya asilimia 2, ambayo hukatwa kwenye malipo ya bidhaa zinazouzwa Serikalini, ni Sh200,000 nyingine. Mshindi anabaki na upungufu wa Sh10,000 mfukoni, ingawa kodi hiyo huhesabiwa baadaye katika kodi yake ya mwaka.

Kwa sababu hiyo, gharama ya kusubiri iingizwe katika bei tangu mwanzo. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza pia kuomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024.

Aliyeshindwa naye ana haki zake. Asiporidhika, huanza kwa kulalamika kwa ofisa masuuli wa taasisi husika, kisha anaweza kukata rufaa katika Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma (PPAA). Muda wa kulalamika ni mfupi, hivyo barua ya matokeo isomwe siku inapopokewa.

Kwa anayeanza, ni busara kuomba kwanza zabuni ndogo ambayo mtaji wake mwenyewe unaimudu. Anayeshindwa kutekeleza mkataba anaweza kufungiwa kushiriki zabuni zote za umma.