Gangilonga: makazi na kodi
Gangilonga, kata ya Manispaa ya Iringa iliyopewa jina la jiwe lake maarufu, ina nyumba za nafasi ambazo watumishi wengi hawazimudu. Kikwazo si kiwango cha kodi tu, bali pia kudaiwa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, ilhali mshahara huja kila mwezi. Wengi huishia katika kata za Kihesa au Mtwivila. Yasemwa nyumba zikiongezeka kodi itashuka. Kweli, ila polepole mno: watu hujenga kwa akiba, matofali ya kuchoma leo, bati mwakani, na Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa 1962, haliwezi kuziba pengo peke yake. Hofu ya mwenye nyumba kudhulumiwa na mpangaji, inayomfanya adai kodi kwa mkupuo, ni ya haki, lakini amana ya mwezi mmoja ingeipunguza.