Kuandika na Kuandikiwa: Kutoka Kisomo chenye Manufaa hadi Akili Mnemba

Katika kazi ya kukuza istilahi imekuwa desturi yetu kukitafutia chombo kipya jina, kisha matendo yanayofanywa kwa chombo hicho tukayaacha yajitafutie majina yenyewe. Kwa hiyo mjadala juu ya jina la akili mnemba umekuwa mrefu, ilhali mwalimu wa Ngara au Biharamulo anayepokea insha iliyotungwa na mashine bado hana neno moja la kumwonyesha mwanafunzi wake kosa alilolitenda. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba neno hilo tunalo tangu zamani, na kwamba historia ya wilaya hizo mbili yaeleza maana yake vizuri.

Kati ya mwaka 1968 na 1972 serikali, ikisaidiwa na UNESCO, iliendesha mradi wa majaribio wa kisomo katika mikoa minne ya kandokando ya Ziwa Viktoria, makao yake yakiwa Mwanza. Mmojawapo ulikuwa Mkoa wa Ziwa Magharibi, uliokuja kuitwa Kagera baada ya vita vya 1978 na 1979. Humo ndimo zilimokuwa Ngara na Biharamulo, na Biharamulo ya wakati huo ilikuwa pamoja na Chato. Vitabu vya kwanza vilitungwa kwa kufuata kazi za watu: pamba, migomba, uvuvi, mifugo. Ndiyo sababu elimu hiyo ikaitwa kisomo chenye manufaa, nasi twaliona jina hilo kuwa miongoni mwa istilahi bora za kipindi kile, maana lilitaja shabaha ya kazi pamoja na kazi yenyewe.

Yafaa kukumbuka hali ilivyokuwa kabla ya hapo. Mtu asiyejua kusoma hakukosa barua. Alisomewa na kuandikiwa, mara na mtoto wa shule, mara na karani, mara na katekista. Hapakuwa na aibu katika jambo hilo, na mara nyingi barua iliyoandikwa na karani ilikuwa nzuri kuliko ambayo mwenyewe angeweza kuitunga. Lakini aliyesomewa hakuwa na siri, na aliyeandikiwa alitia dole gumba chini ya maneno asiyoweza kuyahakiki. Kama karani alikosea hesabu ya deni, mwenye dole ndiye aliyedaiwa.

Mtihani wa taifa wa kisomo uliofanyika mwaka 1975 uliwapanga wanakisomo katika hatua nne. Aliyeweza kutambua maneno na tarakimu tu hakuhesabiwa kuwa amehitimu. Waliohitimu ni wale wa hatua ya tatu na ya nne, na wa hatua ya nne walitakiwa waweze kusoma gazeti, kufuata maelekezo ya kitabu na kuweka hesabu zao wenyewe. Takwimu za serikali zilionyesha kuwa watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walipungua kutoka asilimia 67 hivi mwaka 1967 hadi kiasi cha asilimia 10 mwaka 1986. Wanaweza kubishana wataalamu juu ya wangapi waliudumisha ujuzi huo baadaye. Kipimo chenyewe, hata hivyo, kilikuwa sahihi: mtu alipimwa kwa lile awezalo kulifanya bila karani.

Sasa tuje kwenye chombo kipya. Programu ya ChatGPT ilitolewa Novemba 2022, na teknolojia yake ina majina matatu katika Kiswahili. Akili bandia lina kasoro ya kudokeza ughushi, ingawa mtoto achezaye na mtoto wa bandia hamdanganyi mtu. Akili unde latokana na kuunda, kitenzi cha mafundi wa vyombo vya bahari. Akili mnemba, ambalo limeenea zaidi Tanzania, wengi walilisikia kwanza kama jina la kisiwa karibu na Unguja. Ng'ambo ya Rusumo magazeti ya Kinyarwanda husema ubwenge buhangano, yaani akili iliyobuniwa, na Mhangaza hahitaji mkalimani kulielewa hilo. Lolote litakaloshinda katika haya, mwanafunzi hatajua kutokana nalo ni lini amesaidiwa na ni lini amebebwa.

Hapo ndipo kauli ya kutendewa inapotufaa. Mwanafunzi aliyeiambia mashine imtungie insha, akaitia jina lake, ameandikiwa. Amerudi mahali alipokuwa babu yake kabla ya kisomo, ila karani wake wa leo hachoki wala haombi chumvi. Tusimlaumu upesi. Sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, ambacho kwa mtoto wa Rulenge au Nyakahura huenda ni lugha ya tatu, na mashine hukiandika bila kigugumizi. Kishawishi hicho kimejengwa na utaratibu wetu wenyewe wa lugha shuleni, na adhabu peke yake haitakiondoa.

Kuna na hatari ya dole gumba. Mashine hii hupanga maneno kwa kufuata mifano mingi iliyolishwa, na pale mifano ilipo michache huweza kubuni jambo na kulieleza kwa sauti ile ile ya uhakika. Mwanafunzi akiiuliza habari za watemi wa Bugufi na Busubi, mambo ambayo hayakuandikwa sana, itampasa ayalinganishe majibu na kitabu, na mwalimu, na wazee wa kijijini ambao hawajaulizwa.

Twapendekeza basi walimu watofautishe kuulizia, kusahihishiwa na kuandikiwa. Aulizaye maana ya jambo asilolielewa, kisha akalieleza kwa maneno yake, ameulizia. Aliyetunga mwenyewe akaonyeshwa makosa, akayaelewa, amesahihishiwa. Aseme hivyo chini ya kazi yake. Aliyeandikiwa arudie kazi, mbele ya mwalimu, bila simu. Limebaki suala la jina la kazi yenyewe iliyoandikwa na mashine. Udanganyifu, neno la Baraza la Mitihani, ni zito mno kwa zoezi la nyumbani, na kunakili halitoshi, kwa kuwa hapakuwa na maandishi ya mtu yaliyonakiliwa. Maandikiwa limependekezwa kwetu. Tungependa kupata maoni ya wasomaji, hasa walimu, kabla ya kuliingiza katika orodha.